Kujitwika na Kutwikwa: Yuniti Ngapi kwa Muhula Mmoja?

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi wa vyuo, wazazi na walimu, Osiri, Nyatike, Kaunti ya Migori



Nitaanzia mgodini, maana hapa Osiri hakuna asiyelijua karai. Mawe yakitoka shimoni hupimwa kwa karai, na kutoka shimoni hadi mahali pa kusagia kuna mtu wa kuyabeba. Mtazameni mama anayebeba. Karai lililojaa hawezi kujitwika peke yake. Huinama, mwenzake akamsaidia kuliinua, na kabla halijatulia juu ya ngata husema neno moja: punguza. Hulisema karai lingali mikononi mwa watu wawili. Akishaondoka nalo na shingo ikakataa katikati ya njia, hakuna wa kumtua. Mawe yatamwagika hapo hapo, na siku hiyo hata nusu karai haitafika.

Wanafunzi wetu hawajafundishwa kulisema neno hilo. Wanafungua potali ya chuo wiki ya kwanza, wanakuta orodha ya yuniti 6, 7, mara nyingine 8, wanabonyeza zote, na wanarudi bwenini wakiamini kwamba wamesajiliwa. Kwa kweli wametwikwa. Nimewauliza wengi katika miaka yangu ya kuwasaidia kujaza fomu hizi: je, uliamua? Wananitazama kana kwamba nimeuliza iwapo waliamua kuzaliwa. Wanadhani idadi ya yuniti ni kitu kama hali ya hewa, huja tu.

Najua kwa nini wanadhani hivyo. Katika vyuo vyetu vya umma ada hutozwa kwa muhula au kwa mwaka. Ukichukua yuniti 5 unalipa ada ile ile ya aliyechukua 7. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nao huhesabiwa kwa mwaka wa masomo. Kwa hiyo kila kitu kinamsukuma mtoto achukue zote, na mzazi akisikia mwanawe ameacha moja huona kama ameacha shambani mahindi aliyokwisha kuyalipia. Kwenye vyuo vya binafsi, ambako kila yuniti ina bei yake, mzazi mwenyewe huuliza mapema: kwani lazima zote? Pesa humfundisha kuhesabu mwanzoni. Sisi wa vyuo vya umma pesa hutufundisha mwishoni, yuniti inapoanguka na chuo kinadai malipo ya kuirudia, moja moja.

Basi tuhesabu leo, kabla ya karai kukaa kichwani.

Yuniti moja kwa kawaida hupewa kati ya saa 35 na 45 za darasani kwa muhula. Tuchukue 45, katika muhula wa wiki 15. Hizo ni saa 3 kwa wiki. Yuniti 7 ni saa 21 kwa wiki, na hapo ndipo kijana husema: saa 21 tu? Mbona baba yangu anakaa shimoni saa nyingi kuliko hizo? Lakini saa ya darasani haijasomwa bado, imesikilizwa tu. Kanuni ya zamani ya vyuo vya Marekani husema kila saa ya darasani inadai saa 2 za kusoma nje ya darasa: kupitia maandishi, kutafuta kitabu, kufanya zoezi, kuandika kazi ya kukabidhi. Kwa kanuni hiyo yuniti moja ni saa 9 kwa wiki. Yuniti 5 ni saa 45. Yuniti 7 ni saa 63. Yuniti 8 ni saa 72.

Wiki ina saa 168. Ondoa saa 56 za kulala, 8 kwa usiku, na msiniambie mnalala 4, maana anayelala 4 muhula mzima ninamjua kwa macho yake. Ondoa na zile 63. Zimebaki 49, yaani 7 kwa siku, za kupika, kuteka maji, kufua, kutembea kutoka chumba cha kupanga hadi darasani, kwenda kanisani, kukaa na marafiki, kuugua. Mwenye bahati ataziona zinatosha.

Sasa mchukue kijana wetu wa Osiri anayesoma Chuo Kikuu cha Rongo. Ijumaa jioni anapanda matatu hadi Migori mjini, kisha anakuja huku, kwa sababu Jumamosi kuna kazi shimoni na pesa ya chakula cha wiki ijayo inatoka humo. Tuseme safari na kazi vinakula saa 20. Amebakiwa na 29, chini kidogo ya 4 na robo kwa siku, na hajapika wala hajafua. Kijana huyu amesajili yuniti 7 sawa na mwenzake anayetumiwa pesa kila Jumatatu. Kwenye potali wanafanana kabisa.

Mtaniambia: Mwalimu, hakuna anayesoma hizo saa 2 kwa kila moja. Ni kweli, wengi hawasomi hivyo. Wanaahirisha hadi wiki 2 za mwisho. Lakini saa hazipotei kwa kuahirishwa. Yuniti 7, saa 6 za kusoma kwa wiki kila moja, wiki 15: ni saa 630. Wiki 2 zina saa 336, mchana na usiku, bila kulala hata lepe. Saa 630 hazitaingia ndani ya 336. Kinachoingia ni karatasi za mitihani ya zamani, na maandishi ya mwenzako yaliyopigwa picha kwa simu.

Nimejiuliza siku nyingi kwa nini yuniti zetu zinahesabiwa kwa saa za mwalimu kusimama darasani, wala si kwa saa za mwanafunzi kuinama juu ya daftari. Jibu lina historia ya kushangaza. Mwaka 1905 tajiri wa chuma wa Marekani, Andrew Carnegie, alitoa dola milioni 10 ili wahadhiri wazee wapate pensheni. Wasimamizi wa fedha hizo walihitaji kujua ni taasisi gani inastahili kuitwa chuo, kwa hiyo mwaka 1906 wakaweka kipimo: mwanafunzi anayeingia awe amemaliza idadi fulani ya masomo ya sekondari, na kila somo liwe na saa 120 za kukaa na mwalimu. Vyuo vilivyotaka pensheni vikakubali, na desturi ya kupima elimu kwa saa za darasani ikasambaa duniani. Kilichokuwa kikitafutwa wakati huo ni utaratibu wa kuwalipa walimu uzeeni. Uwezo wa mwanafunzi kubeba haukuwa swali lililo mezani.

Wengine wamelirudia swali hilo baadaye. Nchi za Ulaya huhesabu mwaka mzima wa masomo kuwa krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, ya darasani na ya peke yake; kwa mwaka ni saa 1,500 hadi 1,800. Jirani zetu Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi yote, na mwaka krediti 120, yaani saa 1,200. Yuniti zetu 7 kwa muhula, ukizipa saa 9 kila wiki kwa mihula 2, zinafika 1,890. Sisemi kwamba mtoto wa Rongo au wa Homa Bay anasoma kuliko wa Dar es Salaam. Nasema kwamba wenzetu wameandika saa zote mahali ambapo mwanafunzi anaziona, na sisi tumeandika theluthi moja na kumwachia agundue theluthi mbili mwenyewe, kwa kawaida mwezi wa mwisho wa muhula.

Mimi niligundua kwa kuanguka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha P1, na kama walimu wengi wa Migori na Homa Bay niliingia shahada kwa masomo ya likizo: Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa, sisi tunabeba magodoro tunakwenda chuo kikuu. Sitakitaja chuo. Likizo moja ya Aprili nilijiandikisha yuniti 8. Sita zilikuwa za kawaida, mbili za kurudia. Nilitaka kumaliza mapema ili cheo kipande, na mdogo wangu alikuwa anangoja ada. Kaka yangu mkubwa alisema maneno ambayo kila familia husema: wewe ni mwanaume, kaza.

Nilikaza. Tulikuwa na wiki 3 za kusoma, siku 18 ukihesabu Jumamosi. Yuniti 6 tu, kila moja na saa zake 40, ni saa 240. Zigawe kwa siku 18, ni zaidi ya saa 13 za darasani kila siku. Haiwezekani, na kwa hiyo haikufanyika. Vipindi vilikatwa, mihadhara ya siku 4 ikamiminwa kwa siku moja, tukapewa rundo la karatasi tukasome nyumbani. Nyumbani kulikuwa na darasa la nane lenye watoto zaidi ya 60 na madaftari ya kusahihisha. Katika zile 8 nilianguka 3. Mojawapo ilikuwa takwimu, ambayo bila hiyo usingeruhusiwa kuchukua utafiti, na takwimu ilifundishwa likizo moja tu kwa mwaka. Nilisubiri mwaka mzima kwa ajili ya yuniti moja. Ningechukua 5, ningemaliza mapema kuliko nilivyomaliza kwa kuchukua 8.

Iliniuma muda mrefu kwamba hakuna mtu mezani, si karani, si mhadhiri, aliyeniuliza: Mwalimu, unafundisha madarasa mangapi? Una watoto? Unaishi na nani? Siku hizi hayo ndiyo maswali yangu ya kwanza kwa kila anayeniletea fomu.

Kwetu huku tuna hadithi kubwa ya kusoma haraka, na ninaiheshimu. Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, ndiye aliyewafungulia wengi njia ya kusoma Marekani. Mwaka 1959 ndege moja iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na leo chuo kikuu cha Homa Bay kina jina lake. Mwaka huo huo Barack Obama mkubwa, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mzee wetu wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, alikwenda Hawaii kwa njia nyingine, akisaidiwa na wafadhili binafsi. Shahada ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4 yeye aliimaliza kwa 3, akahitimu uchumi mwaka 1962, kisha akaingia Harvard. Wazee hupenda kuwaambia vijana habari hii. Mimi naomba waiambie yote. Wanafunzi wa kizazi kile walisoma kwa fedha iliyokuwa na mwisho unaoonekana, na fedha ya namna hiyo hukimbiza. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960 na kupata shahada ya kwanza mwaka 1964, miaka 4 kamili. Ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakuna aliyemwuliza Oslo kwa nini hakumaliza kwa 3.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunapomtazama aliyemaliza haraka hatuoni alichobeba wala aliyemtwika.

Sasa niseme la kufanya, na nitalisema kwa upana kwa sababu hapa ndipo watu hukosea hata baada ya kukubali kupunguza. Kupunguza yuniti si kuchagua ile usiyoipenda ukaiacha. Kwanza tazama ipi inafungua mlango wa nyingine. Kama hisabati ya mwaka wa kwanza ndiyo msingi wa tatu zijazo, hiyo usiiache hata kama inakutoa jasho. Acha ile isiyotangulia kitu. Pili, uliza idarani yuniti unayotaka kuiacha itafundishwa tena lini. Ikifundishwa kila muhula, umepoteza miezi michache. Ikifundishwa mara moja kwa mwaka, umeahirisha mwaka, na uamuzi huo unahitaji kufikiriwa usiku mmoja zaidi. Tatu, yuniti hazina uzito sawa ingawa potali inazipa nambari sawa. Yenye maabara hula mchana mzima. Yenye mahesabu hudai kidogo kila siku, na ukiikosa wiki 2 umekwisha. Ya kusoma na kuandika hukuacha upumue kisha hukukamata mwishoni. Ukipanga 3 za mahesabu muhula mmoja kwa sababu tu jedwali limeruhusu, 6 zako ni nzito kuliko 7 za jirani.

Na tarehe. Vyuo hutoa muda mfupi mwanzoni mwa muhula wa kuongeza au kuacha yuniti, mara nyingi wiki 2 au 3. Baada ya hapo yuniti uliyoiacha bila karatasi haijaachwa. Itakaa kwenye jina lako, mitihani itafanyika, na wewe utahesabiwa umeanguka. Nimewaona vijana waliofanya uamuzi wa busara kabisa moyoni, wakaacha kuhudhuria, wasiandike barua. Transkripti haijui ya moyoni. Nenda kwa mkuu wa idara, pata sahihi, piga picha karatasi hiyo kwa simu, tuma kwa mtu nyumbani. Na kabla ya kushuka chini ya idadi ya kawaida, uliza kanuni za chuo chako juu ya idadi ndogo inayoruhusiwa, na uliza kuhusu mkopo wako.

Muhula wenyewe pia hubadilika uzito katikati ya njia. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Walikuwa na madai yao na sitayaingilia. Lakini waliporudi, muhula ulibanwa, na mwanafunzi aliyekuwa na yuniti 7 za wiki 15 akajikuta na 7 zile zile kwa wiki chache mno. Mambo yakiwa hivyo, usione aibu kurudi mezani. Kilichobadilika ni njia. Shingo ni ile ile.

Wavuvi wetu wa Sori na Muhuru Bay wanalielewa jambo hili kuliko sisi wasomi. Omena, yaani dagaa, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mvuvi hupumzika, hushona nyavu, hukaa na wanawe, na hakuna anayemwita mvivu. Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na wote hungoja. Mwanafunzi naye ana usiku wake wa mwezi mpevu. Muhula ambao mama amelazwa. Muhula wa mazoezi ya ufundishaji. Muhula ambao mtoto amezaliwa. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kilijengwa juu ya kukubali hilo tangu msingi, kwamba anayesoma ana kazi na ana nyumba, na kila mmoja atakwenda kwa mwendo anaoumudu.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia binti mmoja wa hapa hapa, mwenye mtoto wa miezi 5, akisoma ualimu. Alikuwa ameorodheshewa yuniti 7. Tulikaa naye na mama yake chini ya mti, na nikamwomba mama, ambaye hajui kusoma, ahesabu kwa kokoto. Kokoto moja kwa kila saa ya siku. Hizi za kulala, hizi za kunyonyesha, hizi za darasani, hizi za kupika. Kokoto zilipoisha, kulikuwa bado na yuniti 3 hazijapata hata moja. Binti alinyamaza. Mama ndiye aliyesema: basi achukue hizo 4, na mtoto nitakaa naye siku za mtihani. Alimaliza mwaka mmoja na nusu baada ya wenzake. Anafundisha fizikia katika shule ya sekondari upande wa Homa Bay, na wanafunzi wake hawajawahi kumwuliza alihitimu na darasa la mwaka gani.

Wazazi, ninyi ndio mnaomsaidia mtoto kuliinua karai. Mtoto hawezi kusema punguza ikiwa anajua nyumbani kumekwisha kutangazwa mwaka wa kuhitimu na mbuzi ametengwa. Msimwulize tu utamaliza lini. Mwulizeni una yuniti ngapi, ipi ni nzito, Jumamosi unafanya nini. Mkihitaji arudi shimoni kila mwisho wa wiki, na wapo wanaohitaji, basi msimtake pia yuniti 7. Na kama familia inaweza kumwondolea Jumamosi mbili kwa mwezi, mwambieni kabla hajasajili, ili azihesabu.

Omena imefunguliwa wiki chache zilizopita, na vyuo vingi vinafungua karibuni. Jumamosi hii nitakuwa hapa hapa kuanzia saa tatu asubuhi, na meza, karatasi na kalamu. Mwenye orodha yake ya yuniti aje nayo, hata kama ni picha kwenye simu. Aje na mzazi au yeyote anayemlipia. Kokoto ziko nje, tutaziokota pamoja.